Sindano Haikula Sikio la Mjukuu Wako

“Ile sindano ya mgongo ndiyo iliyomla mtoto sikio. Wangemwacha na homa yake, leo angekuwa anasikia kwa masikio yote mawili.”

Mavyaa wangu mpendwa,

Mwenye maneno hayo umeshamtambua kabla sijamtaja. Ni shemeji yako, Baba Mdogo wetu, na aliyasema uani kwako Kilelengwani matanga yako yakiwa hayajaanuliwa, kikombe cha chai mkononi, wazee wenzake wamemzunguka. Buya, mjukuu wako, ndiye aliyempelekea hiyo chai. Mtoto alipogeuka kurudi jikoni akaitwa, na akaitwa tena bila kuitika, Baba Mdogo alimnyoshea kidole na kutoa hukumu yake. Wazee wakatikisa vichwa kwa huruma.

Nilikuwa karibu, naosha masufuria. Wifi zangu wananijua. Mmoja alinishika mkono, mwingine akanikalia mbele, na yule mkubwa akaninong'oneza kwamba haya ni matanga ya mama, si mkutano wa hadhara. Nikanyamaza. Nakuapia, Mavyaa, sijawahi kubeba mzigo mzito kama ule wa kufunga mdomo wangu mwenyewe. Lakini sasa matanga yameanuliwa, mikeka imerudishwa kanisani, na wewe unanijua: nikinyimwa kusema, naandika.

Basi jibu langu ni hili. Sindano haikula sikio. Sikio lililiwa na ugonjwa. Ubongo wa mtu na uti wa mgongo wake vimevikwa utando, na utando huo ukiingiwa na vijidudu huvimba na kutunga usaha, na mishipa ya kusikia iliyo jirani huumia pamoja nao. Hayo yalikuwa yameshaanza tukiwa bado nyumbani, mtoto amelala mkekani kwako. Sindano ilikuja baadaye, chini kabisa ya mgongo, mbali na sikio, na haikwenda kufanya lolote ila kutazama ni nini kilichoingia. Kuilaumu ni kumkamata jirani aliyetupigia kelele za mwizi, na mwizi mwenyewe tukamwacha aondoke na mbuzi.

Najua atakachojibu. Atasema, mbona mtoto wa fulani alichomwa akafa, na wa fulani alichomwa akapooza? Ni kweli walichomwa, na ni kweli yaliwapata hayo. Walikuwa pia wamelazwa kitandani. Mbona hatujavichoma moto vitanda? Hospitali haimchomi mgongo mtoto mwenye mafua. Inamchoma yule ambaye shingo imeshakaza na macho yameshageuka, na kwetu sisi mtoto huyo huwa amezungushwa kwanza kwa mganga, kisha kwa shangazi, kisha kwenye kikao cha ukoo. Anafika hoi. Sindano inamkuta ukingoni mwa kaburi, halafu sisi tunarudi nyumbani kusimulia kwamba sindano ndiyo iliyolichimba.

Hayo ni ya Baba Mdogo. Yaliyobaki ni yako.

Unakumbuka siku nilipofika kwako? Nilitoka Hola na sanduku limejaa vitabu. Ulijaribu kulinyanyua, ukaniuliza kama kwetu bibi arusi huja na mawe ya kujengea. Wiki ile ile ulinipandisha juu ya dungu katikati ya shamba la mpunga, ukanipa kombeo na mabonge ya udongo uliyoyafinyanga mwenyewe, ukaniachia ndege niwafukuze. Nikapanda na kitabu. Ndege wakala mpaka wakachoka. Jioni hukunigombeza. Ulikaa na majirani zako ukawaambia, na mimi nasikia, kwamba mwanao amekuletea gazeti: linajua habari za dunia nzima, na halitishi hata chiriku. Tangu hapo nikawa Gazeti. Hata nilipozaa, kila mtu akaanza kuniita Mama Buya, wewe ukabaki na lile jina lako la Gazeti.

Tuligombana vizuri, Mavyaa. Sisemi tuligombana sana, ingawa hilo nalo ni kweli. Tuligombana kuhusu maji ya mto, ya kuchemsha na yasiyochemshwa. Tuligombana kuhusu wanasiasa, kuhusu mhubiri uliyempenda na ambaye mimi nilimwona mwongo, kuhusu chumvi katika mchuzi wa kambare. Mimi nilikuwa na tabia ya kupanga hoja zangu kama matofali. Wewe ulikuwa unasubiri ukuta uishe, halafu unasema, “Haya, umesema. Sasa lete kuni.” Nimebishana na watu wenye shahada, nimebishana redioni na wakubwa wenye walinzi, na sijakutana na jibu gumu kuvunja kama hilo.

Halafu ikaja homa ya Buya.

Hakuwa ameanza shule. Tulikuwa kwako wakati wa mavuno, na mwanao amerudi kazini Mombasa. Mtoto alianza na homa ya kawaida, akapewa dawa ya malaria, akaitapika. Baadaye akawa hataki mwanga. Ukifungua dirisha analia na kujifunika uso. Akawa hataki kubebwa wala kuguswa. Kisha akashikwa na mtukutiko, mikono na miguu ikaruka, macho yakapanda juu, na wewe ukasema neno ambalo kila mama wa mto huu analiogopa: degedege.

Uliamini kama wengi wanavyoamini mpaka leo, kwamba ndege amepita juu ya nyumba na kivuli chake kimemwangukia mtoto. Na uliamini lile linalofuata, ambalo ndilo baya zaidi: kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano, yoyote ile, hufa papo hapo. Ukamfunika leso, ukamfukizia moshi. Mimi nilikuwa napiga kelele uani natafuta pikipiki. Ilipofika, ulipanda wewe kwanza, umemfunga mtoto kifuani kwa leso mbili, ukaniambia kama nataka kwenda hospitali nipande nyuma ninyamaze. Nikapanda. Sikunyamaza.

Pale hospitali ya Garsen ndipo tulipokwama, na sitaki mtu aseme tulikwama kwa sababu ya watu wa hospitali. Dawa ilikuwapo. Maji ya kutundika yalikuwapo. Tabibu alimtazama Buya mara moja tu, akabadilika uso. Akatueleza kwamba kuna maradhi mawili yanayofanana kama mapacha: malaria iliyopanda kichwani, na homa ya uti wa mgongo. Yote mawili huleta homa, mtukutiko na usingizi usioamshika, lakini dawa zake ni mbalimbali. Angeanza kumtibu mara moja, na ili ajue anatibu nini na kwa muda gani, alitaka kuchota maji kidogo mgongoni. Kilichohitajika kilikuwa mkono wa mtoto na mgongo wa mtoto, na vyote viwili vilikuwa ndani ya leso zako.

Ulikaa kwenye benchi ukamkumbatia. Ukasema hachomwi mkono wala mgongo. Ukasema mtoto wa degedege hachomwi, na wewe ulishampoteza mmoja kwa sindano hiyo hiyo ya mgongo na hutapoteza wa pili.

Muuguzi akasema kwa upole kwamba tukubaliane kwanza kama familia, maana yeye hawezi kumnyang'anya bibi mjukuu. Simu ikalia. Alikuwa Baba Mdogo. Alisikia habari, akaagiza kwamba mtoto asiguswe mpaka yeye afike na ukoo ukae. Alisema hivyo kwa mapenzi, nitamtetea hapo. Mtu yule alikuwa tayari kuacha kazi yake na kuja Garsen kwa miguu. Lakini homa haisubiri kikao. Haijui nani ni mkubwa na nani ni mdogo katika ukoo.

Mimi nikaanza kuhutubia. Nilieleza ubongo, nikaeleza vijidudu, nikaeleza sababu ya dawa hii na ile. Kila neno lilikuwa sahihi na hakuna hata moja lililokufikia. Ulinitazama kama ulivyokuwa ukinitazama nikiwa juu ya dungu na kitabu, ndege wanakula.

Aliyekufikia ni yule tabibu. Guyo, kijana wa Kiorma, mwembamba, kilemba cha baba yake bado kinaonekana katika namna alivyoinamisha kichwa kukusalimu. Na ilikuwa si jambo dogo. Miaka si mingi nyuma watu wake na watu wetu Wapokomo walichomeana nyumba, na yako ilikuwa mojawapo. Ulimtazama toka juu mpaka chini, ukamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Akakutajia baba yake, akakutajia na mahali wanapolisha ng'ombe.

“Nyinyi hata samaki mnamwogopa,” ukamwambia, “na wewe unataka kunitobolea mjukuu?”

“Samaki kweli simli, bibi. Lakini mgongo wa mtu naujua.”

Muuguzi aligeuka ukutani kuficha kicheko. Wewe hukucheka, lakini nakujua. Mkono wako ulilegea kidogo juu ya leso. Guyo akakaa sakafuni mbele yako, akawa chini yako kama mtoto anayesubiri kusimuliwa, akakuuliza kuhusu yule uliyempoteza.

Ndipo nikasikia habari za Habona. Miaka yote ile nimeishi nawe, nimekula nawe, nimegombana nawe, na sikujua kwamba kabla ya mume wangu ulikuwa umezaa msichana. Ulimsimulia Guyo kwa Kiswahili chako kile cha polepole, ulichokuwa ukikitumia sokoni na watu wasiojua Kipokomo. Ulisema alikuwa bado ananyonya. Ulisema alipatwa na homa, akafukizwa, akapelekwa kwa mtaalamu wa ng'ambo ya mto, akarudishwa, na mwishowe akapelekwa hospitali, akachomwa mgongo, na jioni akawa maiti mikononi mwako. Ulisema wakwe zako walikwambia ungemwacha nyumbani angeishi.

Guyo alisikiliza mpaka mwisho. Hakukukosoa. Alikuuliza kitu kimoja.

“Shingo yake ilikaza kabla ya sindano, bibi, au baada?”

Ulimtazama Buya kifuani pako. Nakumbuka nilifungua mdomo kusaidia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikapata akili ya kuufunga.

“Kabla,” ukasema. Halafu ukaendelea, si kwake tena, ni kama unajisimulia wewe. “Nyumbani. Nilikuwa nampa ziwa, kichwa hakiinami.”

Ukapitisha kiganja chako nyuma ya shingo ya Buya, ukajaribu kukiinua kichwa chake taratibu. Hakikuinama. Kiliinuka pamoja na mabega na mgongo, mtoto mzima kama ubao. Ulikirudisha chini. Simu ililia tena, na wewe ndiye uliyeipokea.

“Shemeji,” ukasema, “usije mbio. Utamkuta ameshachomwa.”

Ukafungua leso. Kisha ukamwambia Guyo kwamba mtoto atashikwa na wewe, si muuguzi, na kwamba akikosea, kwao umeshakujua.

Niliona kila kitu, Mavyaa, na nataka wanaosoma barua hii juu ya bega lako wajue kilivyo, kwa sababu hofu hukua gizani. Alilazwa ubavu. Ukamkunja, magoti yakakutana na kidevu kadiri alivyoweza, ukamzungushia mikono yako iliyopalilia mpunga miaka yote ile. Guyo alipapasa mifupa ya kiuno, akasafisha, akaingiza sindano chini, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha na pamebaki maji na nyuzi zinazosogea kando. Buya alilia. Kulia kwake kulikuwa habari njema; alikuwa kimya mno mpaka hapo. Yakadondoka matone machache kwenye kichupa, na sindano ikatoka. Ilikuwa imekwisha kabla sijamaliza kusali, na mimi husali kwa ufupi.

Ukaomba uonyeshwe kichupa. Guyo alikuambia kwamba kwa mtu mwenye afya maji hayo huwa maangavu, kama ya mvua. Hayo yalikuwa na ukungu. Ulikishika kichupa dirishani ukayatazama.

“Haya ni maji yaliyooshewa mchele,” ukasema. “Yalikuwa kichwani mwa mtoto wangu?”

Tayari Buya alikuwa ameshatundikiwa dawa. Na Baba Mdogo alipofika, amevaa shati lake la kanisani kwa ajili ya kikao, alikukuta umelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mjukuu, unakoroma.

Wodi ile tuliizoea. Siku Buya alipofungua macho akaomba ndizi, uliwaambia wagonjwa wote kitanda kwa kitanda kwamba wetu ameomba ndizi, kama vile hapajawahi kuwa na mtoto aliyeomba ndizi kwenye mto Tana. Wewe na Guyo mkawa na utani wenu. Ulimtumia samaki mkavu aliyefungwa kwenye karatasi, makusudi. Akamrudisha kwa mkono wa muuguzi pamoja na chupa ya maziwa ya kuganda, na ujumbe kwamba huyu ndiye samaki wa kwao, bibi amkaange akiweza. Ulicheka mpaka ukashika mbavu. Mimi nilikuwa nimekaa pale najifanya nasoma. Ningeweza kuandika makala kumi kuhusu amani ya watu wa Tana, na sikuandika hata moja, ilitosha kuitazama.

Kisha tukagundua sikio. Ukimwita kutoka kushoto, hageuki. Akapimwa, na Guyo akatuambia ukweli bila kuupaka sukari: lile la kushoto limekwenda na halitarudi, na la kulia ni zima. Mimi nililia. Wewe ukasema moja linatosha kusikia maneno ya bibi. Tangu siku ile, mpaka ulipokufa, sikuwahi kukuona umekaa kushoto kwake. Kanisani ulikuwa ukiwaondoa watu wazima kwenye viti ili upate upande wa kulia wa Buya. Mezani vivyo hivyo. Watoto wa jirani uliwafundisha kwa bakora ya mwanzi, bila kumpiga hata mmoja, kwamba mtu akitaka kumwambia Buya jambo azunguke.

Na yeye mwenyewe, unamjua. Amefanya sikio lile kuwa shamba lake. Nikianza kumsomea mashtaka, analala ubavu, analibana sikio zima kwenye mto, ananiacha na lile jingine nihutubie mpaka nichoke. Ulimtetea. Ulisema mtoto amepata mlango wa kufungia nje gazeti, wengine wote tunatamani huo mlango.

Hatuna huzuni, Mavyaa, na hili ndilo lililonichoma zaidi pale uani kwako. Baba Mdogo alimwonyesha Buya kidole kama mtu anayeonyesha hasara. Hasara gani? Mtoto yuko darasani, anakaa mbele upande wa kushoto ili mwalimu awe upande wake wa kulia, anapiga mpira kwa fujo, anaimba vibaya kanisani kama baba yake. Msimu uliopita mlikuwa nyinyi wawili juu ya dungu, wewe umekaa kwa sababu miguu imechoka, yeye amesimama na kombeo, na mimi chini nawaletea wali. Alikuwa anapiga kelele za kufukuza ndege kwa sauti ambayo mtu mwenye masikio mawili asingeivumilia. Wewe ulikuwa unatabasamu. Sijui kama kuna picha ninayoipenda kuliko hiyo.

Nilikuwa nakusaidia kupepeta mchele wa msimu ule ule uliponiambia lile jambo. Hukuniangalia. Ulisema, “Miaka yote nilimbeba Habona kama mtu niliyempeleka kuchinjwa. Kumbe nilimpeleka kutibiwa. Nilichelewa tu.” Ukarusha mchele juu ya ungo, makapi yakaruka, ukasema, “Na kuchelewa si mimi peke yangu.” Niliendelea kupepeta. Lakini niliona jinsi mabega yako yalivyokaa baada ya hapo, na jinsi ulivyoanza kulitaja jina lake mezani kwa kawaida, Habona angekuwa na umri huu, Habona angekuwa na wajukuu. Ulimpata tena binti yako, uzeeni, kwa swali moja la kijana wa Kiorma.

Ndiyo maana siwezi kulinyamazia neno la Baba Mdogo. Si kwa ajili ya heshima ya sindano. Sindano haina haja ya wakili. Ni kwa sababu alikuwa anaurudisha uani kwako ule ule mzigo uliokuchukua maisha yako yote kuutua, na alikuwa anawagawia wanawake wengine.

Tena neno lake halikupotea hewani. Siku ya pili yake nilikuwa bombani, akanijia yule mke mdogo wa nyumba ya jirani yako, mwenye mtoto mgongoni ambaye hajaota hata meno. Alingoja wengine waondoke. Akaniuliza kama ni kweli ile sindano ndiyo iliyomharibu Buya. Nikamweleza. Akasikiliza kwa makini, akaonekana kuelewa, halafu maneno yake yakanimwagia maji baridi. Aliniambia, “Mimi naamini, Mama Buya. Lakini mume wangu yuko Nairobi, na baba mkwe ametuambia jana, habari ya mgongo ikitokea, mtoto asiguswe mpaka apigiwe simu yeye. Na simu yake mara nyingi haishiki.”

Hapo nikaona kwamba nimekuwa nikipigana kwenye shamba lisilo langu. Nilidhani kazi ni kuwaelimisha akina mama. Akina mama wamekwisha elewa, Mavyaa. Wamekaa kwenye mabenchi ya hospitali, mtoto mikononi, wameelewa kila kitu, wanangoja simu ishike.

Ulikufa vizuri. Umri ulikuwa umekutosha, ulikuwa umekula, ulikuwa umemgombeza mtu asubuhi ile ile, na mjukuu wako alikuwa amekaa pembeni yako upande unaofaa. Sina la kukulilia zaidi ya uchoyo wangu: sina tena mtu wa kuniambia nimesema, sasa nilete kuni. Lala, Mavyaa. Msalimie Habona, umwambie ana mpwa mwenye kelele. Nikija huko tutaendelea na ule ugomvi wa chumvi, maana sikukubali na sitakubali.

Sasa niwie radhi nikugeuzie mgongo kidogo, nina watu wa kusema nao.

Baba Mdogo, na nyinyi akina baba mkwe, mashemeji na wajomba wa Kilelengwani na Garsen, wa Hola na wa Nanighi, Wapokomo na Waorma, nyinyi ambao hupigiwa simu kwanza kabla mtoto hajaguswa: siwaombi muamini hospitali, wala siwaombi muniamini mimi. Nataka kitu kimoja, na nakitaka leo. Mwiteni mkaza mwana wenu, mtoto wake akiwa mzima anacheza, mumewe akiwa anasikia hata kama ni kwa simu, mumwambie kwa kinywa chenu: “Siku mtoto huyu akipatwa na homa, shingo ikakaza, daktari akasema mgongo, usinitafute. Nimeshakubali.” Mkimaliza kusema hivyo, nipigieni mimi, mnitukane mpaka salio liishe.

Ni mimi, mkaza mwanao,
Mama Buya